Nani Alimuua Mwalimu Goso?

Mwalimu Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Jioni moja, wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda makwao, paa alipanda mtini kuiba matunda. Tawi likatikisika, buyu zito likachomoka, likampiga mwalimu kichwani, akafa palepale. Asubuhi watoto wakamkuta amelala chini, amepoa. Wakalia, wakamzika kwa heshima, kisha wakaapiana: aliyemuua mwalimu wetu tutamtafuta, na tukimpata atakufa naye.

Wakashauriana, wakaona hapana mwingine ila Kusi, upepo uangushao matunda. Wakamkamata, wakampiga. Kusi akauliza kosa lake. Alipoelezwa, akajibu kwamba lau angekuwa na nguvu hizo asingezuiwa na kiambaza cha udongo. Wakaenda kukipiga kiambaza. Kiambaza kikamtaja panya anayekitoboa. Panya akamtaja paka anayemla, paka akaitaja kamba inayomfunga, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe anayeyanywa, ng'ombe akamtaja inzi anayemsumbua, inzi akamtaja paa. Kila mmoja alipigwa kwanza, akaulizwa baadaye. Walipomfikia paa, kwa mshtuko wa kugunduliwa, ulimi ukamganda. Wanafunzi wakasema huyu hana la kujitetea. Wakamuua, kisasi kikalipwa.

George W. Bateman aliitia hadithi hii ya Unguja katika mkusanyo wake wa Zanzibar Tales, uliochapishwa Chicago mwaka 1901. Mimi sikuipata kitabuni. Niliipata kwa bibi yangu mzaa mama, nami nimewasimulia watoto wa nyumba yetu miaka mingi, nikifurahia jinsi wanavyopokezana majina ya mnyororo ule kama wachezao ukuti. Usiku mmoja wa kukatika umeme, mjukuu wangu wa darasa la tatu hakupokea. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, kwa nini wanapiga kwanza?" Nikamjibu kwamba ndivyo hadithi ilivyo. Akasema, "Na paa hakukusudia. Mbona hawakumuuliza alikuwa anafanya nini pale juu?"

Tangu usiku ule hadithi ya Goso haijatulia kichwani mwangu. Nimeiona ilivyo: hadithi ya upelelezi. Ina maiti, ina mahali pa tukio, ina washukiwa kumi na mmoja, na kila mshukiwa ana utetezi wake. Tena iko karibu sana na kazi ya mwanahistoria, maana tendo limekwisha pita, aliyeliona hayupo au hasemi, na wanaotafuta ukweli wamefika asubuhi yake. Shida ni njia waliyoifuata. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeinama kutazama nyayo chini ya mbuyu. Hakuna aliyeangalia gome kama lina mikwaruzo ya kwato. Walimpata mkosaji kwa kubahatisha, na kubahatisha kule kuligharimu mapigo ya viumbe kumi wasio na hatia.

Mbweha wa Aesop alifanya vizuri zaidi. Simba mzee alijilaza pangoni akajitia mgonjwa, wanyama wakaenda kumjulia hali mmojammoja. Mbweha akasimama nje, akaona nyayo nyingi zinazoingia na hakuna hata moja inayotoka. Akabaki nje. Sungura wetu wa pwani naye, aliposhuku kwamba simba amejificha nyumbani mwake, aliisalimu nyumba, na nyumba isipojibu akalalamika kuwa si kawaida yake, mpaka simba akaitikia mwenyewe. Mmoja amesoma alama, mwingine amemfanya mshukiwa ajitaje. Haya ndiyo maungo ya upelelezi wote, na wanyama waliyajua kabla hajazaliwa mpelelezi yeyote wa London.

Lakini ni London iliyoivumisha mbinu hiyo kama aina ya kitabu, na kitabu hicho kikafika kwa watoto kikiwa na masharubu ya panya. Mwaka 1958 mwandishi wa Kimarekani Eve Titus alitoa Basil of Baker Street, kwa michoro ya Paul Galdone. Basil ni panya anayekaa chini ya nyumba ya Sherlock Holmes, akisikiliza jinsi bwana yule anavyochambua majivu ya tumbaku na matope ya viatu, kisha anayatumia mafunzo hayo kuwatetea panya wenzake. Pembeni yake yuko Daktari Dawson, msimulizi, kama vile Watson alivyo pembeni ya Holmes. Mwaka 1986 studio ya Disney ikakifanya filamu ya katuni, The Great Mouse Detective, ikaiweka hadithi mwaka 1897, wakati wa sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria. Adui anataka kumwondoa malkia wa panya na kuweka mwanasesere wa mashine mahali pake. Basil anamwokoa.

Ninakipenda kitabu hiki, na filamu yake. Mtoto anayekisoma anapata ukungu, taa za gesi, magari ya farasi, bandari yenye baa za mabaharia; anajifunza kwamba matone ya mvua na chembe za vumbi zinaweza kusema. Hilo si jambo dogo. Ila mwaka ule wa 1897 unanisumbua, maana ni mwaka ninaoujua kutoka upande mwingine wa bahari. Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Sultani wa Unguja, vita vikaisha kabla saa moja haijatimia, akawekwa Hamoud bin Mohammed. Aprili 1897 Hamoud akatia saini amri iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, lakini ikamtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba uhuru wake, ikawalipa fidia mabwana, na masuria ikawaacha nje mpaka 1909. Februari mwaka huohuo wa 1897 jeshi la Uingereza liliteka mji wa Benin, likazoa shaba za kasri ya Oba, mfalme wa huko, na Septemba shaba hizo zikaoneshwa British Museum, mwendo mfupi tu kutoka Baker Street.

Panya mpelelezi wa mwaka 1897 angeweza kutambaa chini ya milango ya jumba lile la makumbusho. Pua yake ingenusa moshi wa mji ulioungua juu ya vibao vile vya shaba. Basil hakwenda. Alikuwa na kazi ya kumwokoa malkia.

Sisemi hivi kumlaumu Eve Titus, aliyekusudia kuwafurahisha watoto na akafaulu. Nasema kwa sababu hapa ndipo nilipopata swali ambalo sasa nalitumia kwa kila kitabu cha mnyama na historia ninachokishika: mnyama huyu anakaa nyumbani kwa nani?

Amos, kwa mfano, anakaa ndani ya kofia. Robert Lawson alitoa Ben and Me mwaka 1939. Amos ni panya wa kanisani huko Philadelphia, mmoja katika ndugu 26, aliyetoka usiku wa baridi ya mwaka 1745 kutafuta riziki, akajikuta nyumbani kwa Benjamin Franklin, akafanya kofia ya manyoya ya bwana yule kuwa makazi. Kutoka humo anamnong'oneza sikioni. Jiko jipya la kupasha joto nyumba ni wazo la Amos; kishada cha umeme kilimtia Amos mashakani; hata maneno ya tamko la uhuru wa Marekani yana asili yake kwa panya, rafiki aliyekuja na Thomas Jefferson kutoka Virginia. Amos si mpelelezi wa kulipwa, lakini anafanya upelelezi ulio mgumu kuliko wa Basil: anachunguza sifa za mtu mkubwa, anatuambia mambo yalivyokuwa nyuma ya pazia.

Mtoto anayesoma Amos anajifunza jambo la thamani sana, kwamba wakubwa waliomo katika picha za ukutani walikuwa watu wenye mafua na majivuno, na kwamba anayepewa sifa huenda alisaidiwa na asiyetajwa. Hilo nalivulia kofia. Lakini kofia ile ya manyoya ina mipaka yake. Franklin alikuwa na watumwa nyumbani. Gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilichapisha matangazo ya kuuza watumwa na ya kuwatafuta waliotoroka. Uzeeni alibadilika, akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, na mwaka 1790, miezi michache kabla ya kufa, akatia saini ombi la kulitaka Bunge liukomeshe. Hapo pana hadithi ya upelelezi tamu kuliko kishada cha umeme: ni nini kilichombadilisha? Nani alimnong'oneza? Panya aliyekaa kichwani mwa mtu ndiye hasa angelijua jibu. Amos hasemi, kwa kuwa kutoka kichwani mwa bwana jikoni hapaonekani.

Mtoto wa siku hizi, hata wa Dar es Salaam au Nairobi, ana uwezekano mkubwa wa kukutana na Geronimo Stilton kuliko hao wawili. Elisabetta Dami wa Italia alimtunga kutokana na hadithi alizowasimulia watoto wagonjwa hospitalini, na tangu mwaka 2000 vitabu vyake vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 40. Geronimo ni panya mhariri wa gazeti, mwoga, anayechunguza mambo kwa kusukumwa. Katika vitabu vyake vya safari za wakati anakwenda kwa dinosau, Misri ya kale, baraza la Mfalme Arthur. Maneno yamechorwa kwa rangi, kurasa zimejaa visanduku vya maelezo. Mtoto asiyependa kusoma hukimaliza kimoja kwa siku moja, na kwa hilo namheshimu mama yule. Ila kale ya Geronimo ni matembezi. Anafika, anaogopa, anaokoka, anarudi. Hakuna ushahidi wa kupima, hakuna shahidi wa kushuku, na kisanduku cha maelezo hakibishani na mtu. Mtoto anatoka na majina ya mafarao, ila njia ya kuyajua hayo hakupewa.

Sasa nirudi nyuma zaidi ya miaka 1,200, kwa bweha wawili, Kalila na Dimna.

Kitabu chenye majina yao kilitoka India, katika Panchatantra, kikaingia Uajemi, na katikati ya karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakiandika kwa Kiarabu. Watu wa pwani wanakijua hata wasiokijua jina: kisa cha kima na papa, cha moyo ulioachwa mtini, ni mtoto wa kitabu hicho. India alikuwa mamba, kwa Waarabu akawa kobe, Unguja akawa papa. Bahari ya Hindi imeandika jina lake katika mnyama aliyebadilishwa, na hilo lenyewe ni alama ambayo mtoto mwerevu angeweza kuifuata kama nyayo.

Kisa kikuu kinajulikana. Dimna, mwenye tamaa ya cheo, anamchongea fahali Shatraba kwa mfalme simba mpaka simba anamuua rafiki yake. Katika Panchatantra mambo yanaishia karibu na hapo: mfitini anafaulu. Ibn al-Muqaffa hakuridhika. Aliongeza mlango mzima wa uchunguzi wa jambo la Dimna, na mlango huo, kwa maoni yangu, ndio kitabu bora kabisa cha upelelezi wa wanyama kilichowahi kuandikwa.

Chui anapita usiku, anamsikia Kalila akimkemea Dimna kwa alilolifanya. Anakwenda kumwambia mama yake simba, lakini kwa sharti la siri. Mama anamwambia mwanawe kwamba Dimna ana hatia, ila hawezi kusema amelijuaje. Dimna anakamatwa, analetwa barazani, na hapo msomaji anapatwa na fadhaa, kwa sababu Dimna anajitetea vizuri mno. Anauliza: shahidi yuko wapi? Mkubwa wa wapishi anasimama na kudai kwamba uovu wa Dimna unaonekana katika sura yake, katika umbo la jicho na mwelekeo wa pua. Dimna anamgeuzia kibao mbele ya watu wote: kama sura ndiyo hukumu, basi tutazame na yako. Sote tunajua Dimna ni muuaji, na bado katika neno hili yeye ndiye mwenye haki. Kalila anakufa kwa huzuni, na shahidi mkuu amekwenda. Mwishowe mama anamtaja chui, chui anatoa ushahidi. Kisha mfungwa mwingine, aliyesikia mazungumzo ya Kalila na Dimna gerezani, anatuma habari. Anapoulizwa kwa nini alinyamaza siku zote, anajibu kwamba ushahidi wa mmoja hautoshi kumhukumu mtu. Wa pili alipopatikana, akasema.

Ukiuweka mlango huu karibu na hadithi ya Goso, unaona mambo mawili yakitazamana. Wanafunzi wa Goso wanamuua paa kwa sababu amenyamaza. Baraza la simba linashindwa kumgusa Dimna mpaka wapatikane wawili wa kusema. Wanafunzi hawana shaka, baraza lina shaka mpaka linaumwa nayo. Na mtunzi alijua anaandika nini. Ibn al-Muqaffa alikuwa katibu wa wakubwa, ameyaona mabaraza kwa macho yake, na katika miaka ya 750 aliuawa kikatili kule Basra bila kupewa baraza alilompa Dimna. Mtoto hahitaji kuambiwa haya ili akifurahie kitabu. Akiambiwa, lakini, atajua kwamba bweha na chui walikuwa wanazungumzia mwaka fulani, mji fulani, na hofu ya mtu fulani. Humo historia haikuwekwa kwenye kisanduku.

Uko mnyororo mwingine unaofanana na wa Goso hata ukashangaza. Wayahudi, mwisho wa karamu ya Pasaka, huimba wimbo wa mwanambuzi, Had Gadya, ulioingia katika Hagada iliyochapwa Prague mwaka 1590. Baba kanunua mwanambuzi. Paka kamla, mbwa kamuuma paka, na kuendelea kwa fimbo, moto, maji, ng'ombe, mchinjaji na malaika wa mauti, mpaka Mungu mwenyewe anamaliza. Paka, moto, maji na ng'ombe wako kotekote. Wafasiri wakausoma wimbo huo kama historia: mwanambuzi ni Israeli, paka Ashuru, mbwa Babeli, fimbo Uajemi, moto Makedonia, maji Roma, mpaka kwa Waturuki. Mtoto mezani anahesabu dola zilizopanda na kuanguka huku akidhani anaimba wanyama.

Lakini sikiliza tofauti. Katika wimbo wa mwanambuzi hakuna anayesema. Kila mmoja anampiga aliyemtangulia, na haki inashuka kutoka juu. Katika Goso kila mmoja anasema, na anachokisema ni kimoja: si mimi, yuko mwenye nguvu kuliko mimi. Ule ni mnyororo wa visingizio. Na nikifikiri jinsi historia ya utumwa ya pwani yetu inavyosimuliwa, huo ndio mnyororo ninaousikia. Muulize mwenye shamba, atamtaja mwenye jahazi. Muulize mwenye jahazi, atamtaja mwenye msafara. Mwenye msafara atamtaja mtemi aliyeuza, mtemi atamtaja aliyeleta bunduki, mleta bunduki atamtaja mnunuzi ng'ambo.

Kwa nini basi hatuna kitabu chetu cha mnyama anayepeleleza historia? Mpelelezi tunaye. Muhammed Said Abdulla alimchukua Holmes akamvalisha Unguja, akatoka Bwana Msa na kiko chake, na Najum akawa mwenzake. Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960 na kufuatwa na vingine. Bwana Msa huchimba nasaba, ndoa zilizofichwa, urithi uliodhulumiwa, na karibu kila mara jibu liko katika mambo ya zamani. Wanyama tunao tele. Umbo la mnyororo tunalo tangu enzi za bibi zetu. Vimekaa kila kimoja chumba chake, havijakutanishwa.

Na mpelelezi wa kuvikutanisha yuko Morogoro. Shirika la APOPO, ambalo makao yake yako Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa baruti iliyofukiwa ardhini. Panya hafuati chuma chakavu, anafuata harufu ya TNT tu. Akiipata anakwaruza udongo, anapewa ndizi au karanga. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, pale ambapo mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua siku nne. Panya mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akapata mabomu ya ardhini 39 kufikia mwaka 2020, alipotunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Alikufa Januari 2022. Wenzake walisaidia kuisafisha Msumbiji, iliyotangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015.

Mnyama huyu hakai katika kofia ya mtu yeyote. Anachokinusa ni historia yenyewe, iliyofukiwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa, na ambayo bado inakata miguu ya watoto. Sijui mpelelezi mwingine wa hadithi, awe Basil au Geronimo, mwenye sifa kama hizi, na huyu ni wa kweli.

Basi mimi, ambaye si mtunzi, nimejaribu kuwasimulia wajukuu kisa cha panya buku na jino la tembo. Nimekianzia kwa mzoga bara, kusini ya Tabora, katika karne ya 19. Panya anataka kujua nani amemuua tembo, na nimempa sharti moja: haruhusiwi kumpiga mtu. Anamuuliza mwindaji, mwindaji anamtaja mfanyabiashara aliyempa nguo. Nguo ni merikani. Hapo huwasimamisha watoto, nawauliza jina hilo limetoka wapi, na ni furaha kuona uso wa mtoto anapoisikia Marekani ndani ya neno alilozoea kwa bibi yake. Nguo ile ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na pamba yake ililimwa na watumwa kusini. Sultani Sayyid Said alifanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na merikebu za Salem huko Marekani zikajaa bandari ya Unguja.

Panya anaingia katika mzigo, anabebwa hadi Bagamoyo. Anamuuliza mpagazi. Kila mtoto anatarajia mpagazi awe mtumwa mwenye minyororo, maana ndivyo picha zinavyoonesha. Huyu anasema ni Mnyamwezi, anafanya kazi kwa ujira, anajivunia safari yake ya tatu. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa hivyo, na watumwa nao walikuwamo misafarani. Panya lazima ayaandike yote mawili hata kama yanaharibu picha. Anavuka hadi Unguja, anamuuliza tajiri wa pembe, kisha nahodha, kisha anafika Connecticut, katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton, ambako pembe zetu zilipasuliwa kuwa vibao vyembamba vya piano. Katika mji wa kwanza anakutana na George Read, mwenye kiwanda, mcha Mungu, aliyepinga utumwa na kumhifadhi mtumwa aliyetoroka, na ambaye biashara yake iliishi kwa pembe. Sikumrahisisha mtu huyu. Watoto waligombana juu yake karibu usiku wote, mmoja akisema ni mwema, mwingine akisema ni mnafiki, wa tatu akitaka arudishe pembe.

Mwisho wa mnyororo nimemweka msichana wa miaka tisa au kumi, sebuleni kwao, mbele ya piano, vidole vyake juu ya vibao vyeupe. Panya anatokea chini ya kiti. Msichana anamwona, anashtuka, ulimi unamganda.

Nilinyamaza hapo, maana sikuwa nimeamua kinachofuata. Usiku huo nao umeme ulikuwa umekatika; taa zilikuwa zimerudi zamani, hakuna aliyeziangalia. Mjukuu wangu, yule wa swali la paa, alinishika mkono.

"Sasa muulize, Bibi," akasema. "Lakini taratibu. Mpe muda ajibu."